Uzio Wetu Umefukuza Vipepeo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha watu kumi na wawili, tumepewa kipande cha uwanda wa nyasi tukitunze. Miaka minne iliyopita tulikizungushia uzio, mifugo ikazuiwa, na mtu haingii bila ruhusa. Nyasi zimestawi mpaka kiunoni. Lakini vipepeo wa buluu tuliokuwa tukiwahesabu kila mwaka wamekwisha. Safari hii tumeona watatu tu. Ndege wanaotaga chini nao wamepungua, na wenzangu wanataka paka wote wa mwituni waondolewe mara moja. Tumekosea wapi?
– Mlinzi wa Uzio

JIBU: Marahaba. Kwanza nikuondolee aibu, maana hata mimi nimewahi kuwa mtu wa seng'enge. Kipande changu cha kwanza nilichimbia nguzo kwa mikono yangu, nikatia kufuli, nikalala usingizi mzuri. Msimu wa tatu nilikuwa napita katika nyasi zinazonikuna masikio, natafuta angalau ua moja.

Yaliyowapata nyinyi yaliwapata Waingereza kabla yenu. Walikuwa na kipepeo mkubwa wa buluu, wanasayansi humwita Maculinea arion. Idadi yake ilikuwa ikishuka tangu karne ya 19, na waliotuhumiwa ni wakusanyaji, wale waungwana wa nyavu na sindano. Baadhi ya maeneo yakawekewa uzio. Wakusanyaji wakazuilika kweli, na ng'ombe na kondoo pia. Vipepeo wakazidi kupungua, na mwaka 1979 wakatoweka kabisa nchini humo.

Aliyefumbua fumbo ni mtafiti Jeremy Thomas, aliyelifuatilia kundi la mwisho miaka ya 1970. Kiwavi wa kipepeo huyu hula maua ya thaimu kwa wiki chache tu, kisha hujiangusha chini na kungoja. Sisimizi wekundu wakimkuta humdhania mtoto wao aliyepotea, wakambeba mpaka kiotani. Humo hukaa miezi kama kumi akiwala mabuu ya waliomkaribisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone; huyu akija, mwenyeji haponi.

Sasa, sisimizi wekundu wako wa spishi kadhaa, lakini viwavi hupona kwa idadi ya kutosha katika viota vya spishi moja, Myrmica sabuleti. Na huyo anataka udongo wenye joto, yaani nyasi zilizolishwa zikabaki na urefu wa sentimita chache. Nyasi zikirefuka, kivuli kinaupoza udongo, sisimizi wengine wanashika nafasi, na viwavi wanaobebwa na hao wengi wao hufa. Wafugaji walikuwa wameacha kuchunga kwenye miteremko walikoishi vipepeo hao. Sungura, waliokuwa wakisaidia kuzipunguza nyasi, waliuawa kwa wingi na ugonjwa wa miksomatosisi miaka ya 1950. Uzio ulikuja kumalizia tu. Thomas na wenzake walirudisha malisho kwanza, ndipo mwaka 1983 wakaanza kuleta vipepeo kutoka Uswidi. Leo wapo tena.

Kipepeo wenu huenda hana haja na sisimizi hata kidogo. Anzeni na mambo mawili: kiwavi wake anakula mmea gani, na mmea huo unapata jua? Pigeni magoti mkaupekue. Hesabu ya vipepeo wanaoruka haitawaambia hilo. Kisha ingizeni mifugo michache katika robo ya eneo, mbegu zikishakomaa, mlinganishe na robo tatu zilizobaki. Msifyeke kote kwa siku moja, maana mayai na viwavi vitaondoka na nyasi. Na daftari la hesabu za miaka minne mlitunze kama hati ya shamba.

Kuhusu paka, taratibu. Si kwamba nawatetea. Kwa ndege wa chini paka ni balaa. Lakini kisiwa cha Macquarie, kilicho chini ya Australia huko kusini kuelekea Antaktika, kiliondoa paka wake wote kufikia mwaka 2000. Baadhi ya ndege wa baharini wakapata nafuu, na sungura nao wakafumuka, wakaila mimea ya miteremko mpaka ardhi ikaanza kuporomoka. Wanasayansi walibishana kama kisa ni paka kuondoka au ni virusi vilivyokuwa vikiua sungura kupungua nguvu. Mimi naona vyote viwili. Ilibidi operesheni nyingine kubwa ifanyike, na mwaka 2014 ndipo kisiwa kikatangazwa hakina tena sungura, panya wakubwa wala wadogo. Basi kabla ya kumgusa paka, jueni anakula nini zaidi ya ndege. Kama ni panya, na panya nao hula mayai, pangeni kuwashughulikia wote pamoja.

SWALI: Mwalimu, hali ya hewa yenyewe inabadilika. Uzio, mifugo, paka, yote hayo si kupoteza muda?
– Nimechoka

JIBU: Kuna mahali ambapo jibu lilikuwa ndiyo. Kisiwa cha Bramble Cay, kaskazini mwa Australia, hakizidi mita tatu hivi juu ya bahari, na kilikuwa na panya wake asiyepatikana kwingine. Maji ya chumvi yalikiingia tena na tena. Mwaka 2004 mimea ilifunika zaidi ya hekta 2. Miaka 10 baadaye haikufika hata robo ya hekta. Panya alionekana mara ya mwisho mwaka 2009, na mwaka 2019 serikali ya Australia ikatangaza kwamba ametoweka. Yule hakuwa na pa kwenda, na hakuna aliyewahi kumbeba.

Viumbe wengi wanaweza kuhama, wakipanda mlima au kusogea mbali na ikweta, na tayari wanafanya hivyo. Kinachowakwamisha ni shamba lisilo na hata mstari wa vichaka, barabara pana, ukuta. Hapo kazi ya mikono bado ipo, tena nyingi. Nami nikuulize: nje ya mpaka wa eneo unalolijua wewe, upande ule wenye baridi zaidi, kuna nini?