Kabla hujairusha hiyo ndege ya rimoti

Ndugu, unauliza ukague nini kwanza kabla ya kuirusha Jumamosi. Mimi ningeanza na usawa wa uzito, hayo mengine baadaye. Funga betri mahali pake, kisha inyanyue ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa. Bawa lililonyooka lenye upana wa sentimita 20 (kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma) linatakiwa lisawazike sentimita 5 hadi 6 kutoka ukingo wa mbele. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele mpaka itulie. Ndege yenye pua nzito kidogo hukupa shida ndogo. Yenye mkia mzito haishikiki kabisa.

Halafu vua propela, washa rimoti KWANZA, ndipo ndege (kuzima ni kinyume chake). Simama nyuma yake. Ukisukuma kijiti kulia, kibao cha bawa la kulia kipande juu. Ukivuta kijiti kwako, kibao cha mkia kilicholala kipande juu. Wengi hukagua kama vinacheza tu, hawaangalii vinaelekea wapi.

Propela ikiwa bado imevuliwa na mota inazunguka, zima rimoti kwanza, kwa jaribio hili tu, uone kama mota inasimama yenyewe. Isiposimama, usiruke.

Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ipe mbio ndefu kidogo. Kaa mbali kabisa na viwanja vya ndege vya Entebbe na Kajjansi, na uulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu kibali. Na hao kaloli (korongo wakubwa wa mjini) wakizunguka juu, subiri wapite.