Mume wangu anataka tukazeekee Karibi

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi Minnesota, nina miaka 54, mume wangu 57. Sote ni wa Tanga. Septemba tulikwenda wiki mbili Puerto Viejo, pwani ya Karibi ya Kosta Rika. Tangu turudi hana wimbo mwingine: astaafu sasa, tuuze nyumba, tununue kiwanja alichoonyeshwa, hatua chache kutoka baharini. Mimi nilijua tutarudi Tanga kwa mama. Nikimtajia Tanga ananyamaza. Nimfuate? — Mama wa Watatu*

Marahaba, mwanangu. Nianze na kiwanja, maana pesa ikishatoka hairudi.

Kosta Rika ina sheria ya mwaka 1977 inayolinda mita 200 za ufukwe, kuanzia maji yanapojaa. Mita 50 za kwanza ni za umma, hauziwi mtu. Zile 150 zinazofuata, kwa kawaida halmashauri huzikodisha kwa mkataba, na mgeni ambaye hajaishi nchini miaka 5 hapewi. Sasa huyo aliyewaonyesha kiwanja cha hatua chache anawauzia nini? Na ukielekea kusini, Manzanillo, kuna hifadhi ya wanyamapori tangu 1985, na huko habari ya hati ni ngumu zaidi. Msitoe hata senti kabla wakili wenu, si wa muuzaji, hajakagua masjala ya ardhi.

Halafu hiyo Septemba. Wakati sehemu kubwa ya Kosta Rika inalowa, Septemba na Oktoba ndiyo miezi pwani ya Karibi hupata jua na bahari ikatulia. Mlimwona bibi harusi siku ya harusi yake. Rudini Julai au Desemba, mpange nyumba miezi mitatu, muone nguo zikiota ukungu kabatini na barabara ya kwenda San José, mji mkuu, ikifungwa kwa maporomoko ya udongo. Hospitali kubwa iko mjini Limón, mwendo wa saa moja na zaidi. Wewe muuguzi, unajua saa moja ni nini kwa mtu aliyeshikwa na moyo.

Na mnakula nini? Pensheni ya serikali ya Marekani haianzi kabla ya miaka 62. Medicare, bima ya afya ya wazee, ni 65, na nje ya Marekani karibu hailipi kitu. Kibali cha wastaafu cha Kosta Rika kinataka pensheni ya maisha ya dola 1,000 kwa mwezi. Asiye nayo huonyesha kipato cha dola 2,500 kwa mwezi kwa miaka miwili. Ninachohofia ni kwamba atastaafu yeye, wewe ubaki na zamu za usiku.

Lakini kilichonikaa moyoni ni lile neno lako, ananyamaza.

Fikiria alichokiona kule. Minazi, bahari, wali na maharage ya nazi, wazee weusi barazani, wajukuu wa Wajamaika waliokuja kujenga reli tangu miaka ya 1870. Nahisi mumeo ameiona Tanga, ila Tanga isiyompigia simu saa nane za usiku kuomba ada. Mwanamume aliyetuma pesa nyumbani maisha yake yote anaweza kuchoka, na kulitamka hilo mbele ya mke anayempenda mama yake ni aibu kubwa. Kama mlishachukua pasi ya Marekani kuna na jingine: Tanzania hairuhusu uraia pacha, na kuhesabiwa mgeni kwenu kunauma.

Kwa hiyo usimwulize Puerto Viejo au Tanga. Mwulize anaogopa nini akirudi, kisha ukae kimya umsikilize mpaka mwisho, hata akisema jambo la kuwagusa ndugu zako. Huenda mkaona mnaweza kuishi Pangani au Mombasa, karibu kiasi cha kumfikia mama na mbali kiasi cha kupumua. Huenda pia akashikilia Puerto Viejo, na hapo mtapanga nyumba, hamtanunua, na ya Minnesota mtaipangisha.

Mama yako hukuniandikia ana umri gani. Mtajie mumeo umri huo usiku huohuo, na umwombe safari ya kwanza iwe ya kwenda kumwona.