Anichapie tu, kufungua faili nitafungua mwenyewe

Wiki hii mmeuliza kama hawa wasaidizi wa sauti, kina Siri na wenzake, wana faida yoyote kwenye kompyuta ya mezani na laptopu au ni mapambo tu. Mi nina steshenari yangu Mwenge, nachapa, naprinti, natoa fotokopi, na kabla ya hapo nilikaa kwa fundi Kariakoo miaka kama minne nikipiga Windows, yaani kuziwekea kompyuta Windows upya, kwahiyo hao wasaidizi nimeanza kugombana nao zamani.

Wa kwanza alikuwa Cortana, msaidizi wa sauti wa Microsoft. Mliowahi kupiga Windows 10 mnamjua, flashi umechomeka, mashine imewaka upya, hujakaa sawa mara unasikia sauti ya mdada wa Kimarekani anajitambulisha kwa nguvu zote eti yupo hapo kukusaidia. Sasa vuta picha kiduka kama kabati, mashine nne zinapigwa Windows kwa pamoja na kila mdada anaanza kwa wakati wake, wateja wanageuka, jirani muuza kava za simu anauliza leo mna wageni? Kazi yetu ilikuwa kukimbilia alama ya spika pale chini kulia tumnyamazishe. Kwenye kompyuta aliingia 2015, na 2023 Microsoft wenyewe wakamtoa, na sijasikia mtu Kariakoo akimlilia.

Kwa upande wangu sioni cha kushangaa. Siri Apple walimwingiza kwenye iPhone mwaka 2011, kwenye kompyuta zao za Mac kaja kuingizwa 2016, yaani ni mtoto wa simu. Simu unaishika umening'inia kwenye daladala, mkono mmoja uko kwenye bomba na mwingine una mfuko wa nyanya, hapo ukimwambia mtu akupigie namba fulani unaeleweka. Kompyuta umeikalia, mikono yote miwili ipo kwenye kibodi. Kufungua Word nabonyeza mara mbili ishafunguka, sasa nianze kumwita, nimsubiri aitike, nimwambie kwa Kiingereza maana Kiswahili hajui, aelewe vingine, nirudie, na huku kuna watu watano wanasubiri kuprinti? Hapana kwakweli.

Lakini kuna kitu kingine watu wanakichanganya na hao wasaidizi, nacho ni kuongea ukaandikiwa. Hicho ndo nakitumia karibu kila siku. Google waliingiza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, we fungua Docs, programu yao ya kuandikia, kwenye Chrome, bonyeza Ctrl na Shift na S, kinatokea kimaiki pembeni, chagua Kiswahili, anza kuongea. Kinakula bando, hilo mlijue, na mtandao ukiyumba kinanyamaza kimya bila kukuaga.

Nilianza kukiamini siku moja alipokuja mzee mmoja na karatasi za kiwanja, anataka barua ya malalamiko kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwa kawaida mteja anasema mi nachapa, ila wazee ndo mtihani, unamwambia subiri mzee wangu nimalize hapa, akisubiri ameshasahau alipofika, anaanza upya toka kwa marehemu babu yake. Siku hiyo nkasema ngoja nijaribu, nkamsogezea maiki ya hedifoni nkamwambia mzee we ongea tu kama upo na mwenyekiti mwenyewe. Akavua kofia. Akaanza, shikamoo mheshimiwa, mi ni mkazi wako, akaenda hivyo kama dakika sita bila kukatwa na mtu, macho yameganda kwenye skrini anaangalia maneno yake yanavyojipanga. Akaniuliza, mwanangu, huyu anayeandika yuko wapi? Nkamwambia yuko mbali mzee, anatusikia kwa intaneti. Akashusha sauti kidogo, alafu akaendelea.

Makosa yalikuwepo. Hati ya kiwanja ilitoka hatia ya kiwanja, ikabidi niiwahi kabla haijaenda kwa mwenyekiti, na bodaboda iliyopita nje ikala nusu sentensi. Ila mlemle kulikuwa na "nimelima hapa toka mwaka ule wa mvua za elinino", ambayo ningekuwa nachapa mwenyewe ningeandika tangu 1998 na kupita, na ndo sentensi iliyokuwa inabeba barua nzima. Hiyo nimeiacha kama ilivyo, shikamoo tu ndo nilitoa maana barua tayari ilikuwa na salamu juu.

Kuna wengine ambao kwao sio suala la kupenda. Binti mmoja wa chuo alianguka na bodaboda mkono wa kulia ukafungwa POP, na ripoti ya utafiti ilikuwa inadaiwa, akawa anakuja asubuhi kabla sijajaza watu, anaongea ripoti yake, mi narekebisha. Ilikuwa ya Kiingereza, na kwa lafudhi yake iliandika vizuri kuliko nilivyotegemea. Kwa mtu kama huyo au asiyeona, ukiniuliza sauti kwenye kompyuta ina faida gani ntakushangaa.

Kwenye ofisi ya watu wengi ndo sikushauri. Hapa kwangu watu wanaleta barua za talaka, za kuacha kazi, za kudai mahari irudishwe, na foleni yote ina masikio. Hizo nachapa kwa mkono kimyakimya, mteja ananinong'oneza, hata kama itachukua nusu saa.

Kero yangu kubwa ni moja. Kwa Kiingereza ukitamka nukta anaweka nukta, amri za kufuta na kukoleza wino nazo zipo, kwa Kiswahili hamna, ukisema nukta anaandika neno nukta. Barua ya yule mzee ilitoka na nukta kama ishirini na mikato mingi tu maana nilimfundisha azitamke, akawa anazitamka hata pasipohusika. Mwanzo nilikuwa nafuta mojamoja, siku hizi nabonyeza Ctrl na H, kinafunguka kisanduku cha kutafuta na kubadilisha maneno, naweka neno nukta juu, alama yake chini, nabadilisha zote kwa mpigo, alafu narudia kwa mkato, alafu napita na herufi kubwa mwanzo wa sentensi. Dakika mbili hazifiki. Ila anwani za barua pepe msijaribu kumtamkia, hizo naandika mwenyewe.