Je, pua husubiri jina?

SWALI: Ndugu Mhariri, shangazi yangu anauza samaki Deep Sea, hapa Tanga. Akifunua mashavu ya changu na kunusa, humtenga papo hapo mwenye shombo tu, aliyelala kwenye barafu na aliyeanza kuvunda, ilhali mimi nasikia harufu moja ya samaki. Mwalimu wetu wa falsafa anasema kwamba asiye na neno hana hisia hiyo. Ni kweli? (Msomaji, Chumbageni)

JIBU: Mwalimu wenu ana mtangulizi mzito. Mwaka 1956 Wilfrid Sellars, mwanafalsafa wa Marekani, alitetea hoja kwamba kutambua kitu kuwa cha aina fulani ni jambo la lugha. Hata hivyo, Sellars hakukana kwamba asiye na lugha huhisi. Alitenganisha kuhisi na kujua umehisi nini, tofauti inayopotea darasani kwa urahisi mno. Paka wa sokoni hana msamiati, na bado huifuata harufu hadi kwenye tenga.

Kinachonishawishi zaidi ni jaribio lililochapishwa mwaka 2007. Kwa Warusi, buluu iliyokolea huitwa siniy na iliyopauka goluboy, wala hawana jina moja la kuzijumuisha. Walionyeshwa vipande vitatu vya rangi hizo na kutakiwa kuchagua kipi kati ya viwili vya chini kinafanana na cha juu, nao walijibu upesi zaidi pale viwili hivyo vilipokuwa na majina tofauti. Wasemaji wa Kiingereza hawakuwa na wepesi huo. Warusi walipotakiwa kushika kichwani mfuatano wa tarakimu huku wakitazama, wepesi wao ulitoweka, lakini walipopewa mchoro wa kukumbuka, ulibaki. Kwa maoni yangu, jicho lao ni lilelile la wengine, ila lugha huwasaidia papo hapo wanapoamua, mradi haijapewa kazi nyingine.

Kwa shangazi yako suala ni gumu zaidi, kwa kuwa maneno yake yamekuja pamoja na miaka ya kushika samaki, na hoja tupu haziwezi kuvitenganisha viwili hivyo. Akiwa radhi, mfunge kitambaa machoni, anuse huku akirudia tarakimu ulizomtajia. Kisha anuse tena huku akikumbuka jinsi matenga yalivyopangwa. Akichelewa kwa tarakimu peke yake, mwalimu wenu atakuwa na la kusema. Akichelewa kote kuwili, basi umemchanganya tu.