Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Ikiibiwa

Swali: Asalaam aleikum. Hesabu za duka letu hapa Langoni, Lamu, zimo katika kompyuta yenye neno la siri. Mwizi akiichukua, ataweza kuzisoma?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Ataweza, kwa sababu diski ikichomolewa na kuunganishwa na kompyuta nyingine, neno la siri la kuingilia halizuii kitu. Isimbe diski nzima (yaani, ivuruge data yake kwa ufunguo wa siri) kwa programu ya BitLocker ya Windows au FileVault ya Mac, zinazotumia kanuni ya usimbaji iitwayo AES iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, ili asiye na ufunguo aone data iliyovurugika tu. Lakini kompyuta iliyowashwa na kufunguliwa iko wazi, kwa hiyo izime kabisa (nalisisitiza hili) kabla ya kupanda boti kwenda Mokowe. Ufunguo wa dharura, wa kufungulia diski ukisahau neno la siri, uandike karatasini, uuweke nyumbani.