Jibu: Nakuru hadi Kisumu kwa baiskeli, nani alipe mafuta?

Habari ndugu. Umeuliza kama michango ya wodi ya watoto mnayochangisha kwa safari hii ya baiskeli ya siku mbili inaweza kulipia mafuta ya gari la kuwafuata waendeshaji. Usiiguse kabisa! Kila mwendeshaji alipe ada ya kushiriki. Hiyo ibebe mafuta, maji na malazi ya Kericho. Michango iwe na Paybill yake (namba ya kupokea malipo kwa M-Pesa), mtoaji aone kila shilingi imefika hospitalini.

Halafu kagueni breki mapema. Wengi huogopa kupanda Mau Summit, ila mimi nahofia zaidi mteremko wa kutoka Kericho, karibu mita 2,000 juu, hadi Ahero: mvua ya alasiri, malori, na raba za breki zilizolika hadi chuma. Siku zote mbili ondokeni alfajiri.