Maswali ya Wasomaji: Kijani cha Masika

SWALI: Mvua zinapochipusha mikorosho, mimi huchora mandhari ya Mikindani, Mtwara, kwa rangi za mafuta. Mbona kijani changu hutoka kikali, na picha hupasuka ikishakauka?

JIBU: Ndugu msomaji, usipake kijani cha tyubu kikiwa kitupu, changanya manjano na buluu, kisha utie wekundu kidogo sana ili kipoe. Kupasuka ndilo jambo zito zaidi: tabaka lenye mafuta machache hukauka upesi, nalo likiwekwa juu ya tabaka lenye mafuta mengi, ambalo bado linajongea chini yake, lazima lipasuke. Kwa hiyo anza na rangi iliyozimuliwa kwa tapentaini, ukiongeza mafuta ya kitani katika tabaka za juu. Mwanga ukibadilika, acha. Rudi kesho saa ileile.